Kusokota kwa umeme nyuzi nano za polikaprolaktoni zenye madini ya mfupa

Mfupa wa binadamu umejengwa kwa vitu viwili vinavyobebana: nyuzi za kolajeni, ambazo hunyumbuka, na fuwele ndogo mno za kalsiamu na fosfeti, ambazo huupa ugumu wake. Madini hayo, yanayokaribiana sana na kile ambacho wanakemia hukiita haidroksiapataiti, ni takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Anayetaka kutengeneza kiunzi ambacho seli za mfupa zitajishikiza na kukua juu yake hana budi kuuiga muungano huo, na njia mojawapo inayowezekana hata katika maabara ya kawaida ya chuo ni kusokota kwa umeme nyuzi nyembamba za polima, yaani kemikali yenye molekuli za minyororo mirefu, huku chembe nano za madini zikiwa zimechanganywa ndani yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa polikaprolaktoni, polima inayooza polepole mwilini kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, pamoja na haidroksiapataiti kwa kiwango cha asilimia 10 ya uzito wa polima hiyo.

Nimewaona wanafunzi wengi wakihangaika na volteji ilhali kosa lao lilikuwa ndani ya chupa tangu jana yake. Ndiyo maana maelezo yangu yatakaa muda mrefu kwenye kuchanganya na kwenye kupima, na yatapita haraka kwenye yale ambayo mashine yenyewe humfundisha mtu.

Uzi unavyopatikana

Myeyusho mzito wa polima husukumwa polepole na pampu ya sirinji hadi kwenye ncha ya sindano ya chuma iliyounganishwa na umeme wa volti elfu kumi na zaidi. Tone linalojitokeza kwenye ncha hujaa chaji za aina moja, chaji hizo husukumana, na zinapoushinda mvutano wa uso wa kimiminika, tone huchongoka na kuwa mfano wa pia, yaani umbo la koni. Mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor alikokotoa mwaka 1964 kwamba nusu ya pembe ya pia hiyo ni digrii 49.3, na hadi leo pia hiyo huitwa kwa jina lake. Kutoka kwenye kilele chake huchomoza mchirizi mwembamba ambao kwanza hunyooka kwa sentimita chache, kisha huanza kuyumba na kuchapa hewani kama mjeledi, na ni katika kuchapa huko ndipo hurefuka, hukonda na kupoteza kiyeyushi chake, hata kinachofika kwenye bamba lililounganishwa na ardhi kikawa ni uzi mkavu.

Njia yenyewe si ngeni. Anton Formhals alipewa hataza yake ya Marekani mwaka 1934 akiwa na nia ya kutengeneza nyuzi za nguo, na ilipata uhai mpya katika miaka ya 1990 kupitia kazi za Darrell Reneker na wenzake katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio. Ni vyema pia msomaji ajue kwamba neno "nano" hapa hutumika kwa ulegevu: nyuzi nyingi za aina hii zina kipenyo cha nanometa mia kadhaa, na baadhi hufikia mikrometa moja, wakati ufafanuzi mkali wa nano huishia kwenye nanometa 100. Chembe za madini ndizo zilizo nano kwa maana kamili.

Malighafi na vipimo

Chukua polikaprolaktoni yenye uzito wa molekuli wa takribani gramu 80,000 kwa moli, ambayo huuzwa ikiwa punje nyeupe kama mchele, na haidroksiapataiti yenye chembe za chini ya nanometa 100. Wapo wanaojitengenezea madini haya kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe iliyosafishwa mafuta kwenye tanuri la sentigredi 900 hivi, na ni kweli kwamba kinachobaki baada ya vitu vyote vya kikaboni kuungua ni haidroksiapataiti nyeupe. Lakini unga huo, hata ukitwangwa na kuchekechwa, bado una punje za mikrometa nyingi, na haufai kwa kazi hii mpaka usagwe kwa saa nyingi kwenye kinu cha gololi na ukubwa wake upimwe.

Kwa mililita 20 za kiyeyushi, yaani klorofomu mililita 15 na methanoli mililita 5, tumia gramu 2.4 za polima na gramu 0.24 za madini. Andika hesabu hii wazi kwenye daftari, kwa sababu "asilimia 10" ina maana mbili na watu huzichanganya: gramu 0.24 ni asilimia 10 ya uzito wa polima, lakini katika mkeka wa nyuzi utakaopatikana zitakuwa sehemu 0.24 kati ya 2.64, ambayo ni asilimia 9.1. Isitoshe, madini haya yana msongamano wa gramu 3.16 kwa mililita, karibu mara tatu ya ule wa polima, na kwa hiyo kwa ujazo hayafiki hata asilimia 4 ya uzi. Anayeshangaa kwa nini asilimia 10 inaonekana kidogo chini ya hadubini hujibiwa na hesabu hiyo.

Swali la kiyeyushi linastahili kufikiriwa kwa makini. Asidi ya fomiki na asidi ya asetiki huyeyusha polikaprolaktoni vizuri na kutoa nyuzi nyembamba za kupendeza, nazo huvutia kwa sababu mvuke wao hauogopwi kama ule wa klorofomu. Hata hivyo haidroksiapataiti huyeyuka katika asidi, na polima yenyewe hukatwakatwa na asidi kadiri myeyusho unavyokaa, kwa hiyo mtu anaweza kuweka madini chupani jioni na asubuhi akawa hana madini tena, ana ayoni za kalsiamu na fosfeti tu. Kwa nyuzi zisizo na madini, asidi hizo ni chaguo zuri. Kwa kazi yetu siziruhusu. Klorofomu pekee nayo haitoshi, kwa sababu haibebi chaji vizuri na hukauka upesi kwenye ncha ya sindano. Methanoli ndiyo inayousaidia mchirizi kubeba chaji, ingawa haiyeyushi polima hii, na ikizidi sana polima huganda na kujitenga.

Kuchanganya: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Kila apikaye uji anajua kwamba unga ukimiminwa mkavu kwenye maji ya moto hufanya madonge, na donge likishajifunga nje hubaki na unga mkavu ndani hata ukorogwe namna gani. Ndiyo maana unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo. Chembe nano zina tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa eneo la uso wake ni kubwa mno na hupenda kushikamana. Ukiumimina unga wa haidroksiapataiti kwenye myeyusho ambao tayari ni mzito, madonge hayatavunjika, na donge lenye upana wa mikrometa mbili haliwezi kukaa ndani ya uzi wenye upana wa nusu mikrometa.

Anza basi na methanoli, kwa sababu uso wa madini haya hulowana nayo kwa urahisi zaidi kuliko na klorofomu. Kausha unga kwenye oveni ya sentigredi 110 usiku mmoja, uache upoe kwenye chombo chenye silika jeli ya kufyonza unyevu, kisha upime gramu 0.24 ukiwa ndani ya kabati la kuvuta mvuke na umevaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo, maana unga huu hupaa kwa pumzi tu. Utie kwenye chupa ya kioo yenye methanoli mililita 5, funga, na uiweke kwenye beseni la mawimbi ya sauti yasiyosikika (ultrasonic) kwa dakika 45, ukiongeza barafu ili maji ya beseni yasipate joto. Ongeza klorofomu mililita 15 na urudishe kwenye beseni kwa dakika 20. Hapo ndipo unapoanza kutia punje za polima kidogo kidogo huku sumaku ikikoroga, na uache ikoroge hadi asubuhi katika joto la kawaida la chumba. Kifuniko kiwe na kitambaa cha ndani cha tefloni. Mpira wa kawaida huvimba kwa klorofomu na kuuchafua myeyusho wako.

Kabla ya kujaza sirinji, rudisha chupa kwenye beseni kwa dakika 10. Usizidishe muda, kwa sababu mawimbi hayo yakipita kiasi hukata minyororo mirefu ya polima, mnato hushuka, na utaona nyuzi zenye shanga, yaani vivimbe vya polima, ukadhani umekosea volteji.

Sasa fanya jaribio ambalo halina gharama yoyote na ambalo wengi huliruka. Chukua tone moja la myeyusho, liweke kati ya vipande viwili vya kioo, na ulitazame kwa hadubini ya kawaida ya mwanga kwa ukuzaji wa mara 400. Chembe moja moja ya nanometa 50 haionekani kwa hadubini hiyo hata kidogo, kwa hiyo kila kitone cheusi unachokiona ni donge. Uwanja wa kuonea ukiwa safi, wenye ukungu mwepesi unaolingana kila mahali, endelea. Ukiona vitone vilivyotapakaa kama chenga za pilipili manga, usipoteze siku kwenye mashine, rudi kwenye methanoli. Jaribio la pili ni kuiacha chupa mezani bila kuigusa kwa saa moja: ukanda mweupe ukijikusanya chini, hicho ndicho kitakachotokea pia ndani ya sirinji.

Madonge yakikataa kuvunjika, kiasi kidogo cha asidi ya oleiki hufunika uso wa chembe na kuzitenganisha. Mimi huitumia kwa kusita, kwa sababu katika kiunzi cha mfupa tunataka seli zikutane na madini yenyewe, na kila kitu kinachoyafunika lazima kielezwe na kupimwa.

Usalama, kabla ya swichi

Chanzo cha umeme kiwe kile kilichotengenezwa kwa kazi ya maabara, chenye kikomo cha mkondo chini ya miliampea moja. Transfoma zilizong'olewa kwenye majiko ya maikrowevu huua, na hakuna ubanaji wa matumizi unaohalalisha kuzitumia. Sindano na bamba vikae ndani ya sanduku la plastiki ngumu lenye mlango unaokata umeme unapofunguliwa, na sanduku hilo liunganishwe na mfumo wa kuvuta mvuke, kwa kuwa methanoli hushika moto na cheche hutokea. Klorofomu haiwaki, lakini ikikutana na moto hutoa gesi ya fosijeni, ambayo ni sumu kali. Glavu za nitrili hupenywa na klorofomu kwa dakika chache tu. Zikidondokewa zivuliwe papo hapo. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako chumbani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi ambao umeme hukatika bila taarifa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zungusha kitufe cha volteji hadi sifuri na uzime swichi kabla haujarudi, kisha gusa sindano kwa fimbo iliyounganishwa na ardhi. Nimewahi kushuhudia umeme ukirudi wakati mkono wa mtu umo ndani ya sanduku, akifuta ncha ya sindano. Alinusurika kwa sababu kikomo cha mkondo kilikuwa kidogo, na tangu siku hiyo fimbo hiyo hukaa mahali pake karibu na mlango na hakuna anayeruhusiwa kuihamisha.

Kusokota

Tumia sirinji ya kioo na sindano ya geji 21 yenye ncha butu. Kama una sindano za hospitali tu, sugua ncha yake kwenye msasa hadi iwe bapa, kwa kuwa ncha iliyokatwa mshazari huipinda pia ya Taylor. Weka bamba lililofunikwa karatasi ya alumini umbali wa sentimita 15, anza na kasi ya mililita 0.8 kwa saa, na upandishe volteji polepole ukiwa umemulika ncha kwa tochi kutoka ubavuni. Kwenye kilovolti chache tone litaning'inia na kudondoka. Likikaribia kilovolti 10 litaanza kurefuka, na mahali fulani kati ya 12 na 16 utaiona pia ikitulia na uzi mwembamba ukitoka kwenye kilele chake bila kukatika. Hapo acha. Kuongeza volteji zaidi kwa matumaini ya uzi mwembamba zaidi hufanya pia irudi ndani ya sindano na mchirizi ugawanyike.

Matone yakiruka hadi kwenye karatasi, punguza kasi ya pampu. Nyuzi zikifika zikiwa mbichi na kugandana, ongeza umbali hadi sentimita 18 au 20. Shanga laini zinazojirudia kwenye uzi kama tasbihi humaanisha myeyusho ni mwepesi mno, na dawa yake ni polima zaidi, tuseme gramu 2.6 badala ya 2.4. Msomaji akumbuke pia kwamba chembe za madini hubadilisha mnato na upitishaji wa umeme, kwa hiyo mipangilio iliyofaa kwa polima tupu haitafaa kama ilivyo. Anza upya kila unapobadilisha kiwango.

Unyevu wa hewa unataka uangalizi wa pekee kwa walio pwani. Klorofomu inapokauka upesi huipoza hewa iliyo karibu na uzi, mvuke wa maji huganda juu yake kama vitone, na vitone hivyo vikikauka huacha vishimo kwenye uso wa nyuzi. Mombasa na Dar es Salaam, ambako unyevu hupita asilimia 70 kwa urahisi, mkeka wa asubuhi na wa alasiri unaweza kuonekana kama kazi za watu wawili. Weka kipimaunyevu ndani ya sanduku, washa kiyoyozi mapema, na ujaribu kubaki kati ya asilimia 35 na 50. Kukauka kupita kiasi nako kuna adha yake, kwani utando hujifunga kwenye ncha ya sindano na madini hulundikana hapo. Zima umeme, gusa kwa fimbo ya ardhi, futa kwa kijiti cha plastiki, kisha endelea.

Sirinji isikae na myeyusho mwingi kwa muda mrefu. Jaza mililita mbili tu, zitumie kwa saa mbili na nusu, kisha jaza tena kutoka kwenye chupa inayoendelea kukorogwa. Sababu utaiona hapa chini.

Kukausha na kujua ulichopata

Bandua mkeka pamoja na karatasi yake na uuweke kwenye chombo cha ombwe kwa saa 48 katika joto la chumba, ili mabaki ya kiyeyushi yatoke. Usiutie kwenye oveni yenye joto la kuzidi sentigredi 40, kwa kuwa polikaprolaktoni huyeyuka karibu na 60. Kwa sababu hiyo hiyo mkeka huu hauwezi kutakaswa kwenye mashine ya mvuke wa sentigredi 121. Kwa majaribio ya seli hutumika ethanoli ya asilimia 70 na mwanga wa urujuanimno. Kilichotengenezwa kwenye meza ya maabara kiishie kwenye majaribio ya maabara, wala kisimkaribie mgonjwa.

Chini ya hadubini ya elektroni tumia kilovolti 5 au chini ya hapo, maana miale mikali huyeyusha nyuzi mbele ya macho yako. Pima vipenyo vya nyuzi 100 zilizochaguliwa bila upendeleo, na programu ya bure ya ImageJ inatosha kwa hilo. Ukiona uvimbe kwenye uzi, usiuite donge wala shanga mpaka uangalie ramani ya elementi, yaani picha inayoonyesha kila elementi ilipo: shanga ya polima haina kalsiamu ya kuzidi sehemu nyingine za uzi, huku donge la madini likiwaka kwa kalsiamu na fosforasi. Makosa hayo mawili yanafanana kwa sura, na tiba zake zinapingana, kwa sababu kuongeza polima ili kuondoa shanga hufanya madonge yawe magumu zaidi kuvunja.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni majivu. Kinahitaji mizani ya kusoma miligramu 0.1 na tanuri tu. Siku ya majaribio badilisha karatasi ya alumini kila baada ya saa moja na uandike namba ya saa juu yake. Kutoka kila karatasi bandua miligramu 50 za mkeka uliokauka, zitie kwenye kikombe cha kauri kilichochomwa na kupimwa kabla, na uchome kwa sentigredi 600 kwa saa mbili. Polima yote itaondoka, haidroksiapataiti itabaki bila kubadilika, na kikombe kinapaswa kukupa karibu miligramu 4.5. Choma pia mkeka wa polima tupu, ambao haupaswi kuacha kitu.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, baada ya miezi ya kuripoti "asilimia 10" kwa imani kamili, jivu la saa ya kwanza lilikuwa karibu mara mbili ya lile la saa ya nne. Sirinji ilikuwa imelazwa na kujazwa mililita tano, madini yalikuwa yamezama taratibu kwenye ukuta wake wa chini, na nilipoichomoa niliukuta mstari mweupe ukiwa umeganda humo kwa urefu wote, upana wake kama wa kucha ya kidole kidogo. Picha za hadubini hazikuwa zimenionyesha jambo hilo, kwa sababu zote nilizipiga kwenye mkeka wa saa ya kwanza.

Majivu ya saa zote yakikubaliana ndani ya nusu asilimia, kata mikeka, ifunge kwenye mifuko yenye silika jeli, na juu ya kila mfuko andika tarehe, unyevu wa siku hiyo, volteji, umbali, kasi ya pampu, na asilimia ya madini iliyopimwa, siyo ile iliyokusudiwa.